Mitamba Watatu wa Kiptanui

Shimo lilikuwa limeshachimbwa kabla mtu yeyote hajaulizwa swali. Yonasi Wekoye aliliona Jumatano asubuhi akienda kazini. Lilikuwa refu kama nyumba mbili zilizounganishwa, kina chake kinampita mtu mrefu, na udongo mwekundu umerundikwa kando. Wachimbaji sita walikuwa wameketi ukingoni wakipumua. Akawauliza ni la nini.

"La ng'ombe za Kiptanui," mmoja akamjibu.

"Zile mitamba tatu?"

"Zote, bwana. Arobaini na mbili. Ijumaa serikali inakuja, na jioni hapa inafunikwa."

Wekoye aliendelea na njia yake.

Mwaka ulikuwa 1936, mwezi wa sita, na mvua ya masika haijakatika bado. Shamba lilikuwa maili saba kutoka Kitale, kwenye mteremko unaotazama Mlima Elgon, mali ya mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani. Alikuwa na mahindi, ng'ombe wa maziwa mia moja na ishirini, na maskwota kumi na tisa ambao waliruhusiwa kulima vishamba vyao na kuchunga mifugo yao ili nao wamfanyie kazi nusu ya mwaka. Wekoye hakuwa skwota. Alikuwa mtu wa josho. Kila Ijumaa ng'ombe wote wa shamba, wa bwana na wa maskwota, walisukumwa mmoja mmoja waruke ndani ya lile handaki la saruji lenye maji ya dawa, waogelee, watoke upande wa pili wakitiririka, na kupe wao wafe. Kazi ya Wekoye ilikuwa kupima kina cha maji kwa fimbo yenye alama, kuongeza dawa inapopungua, na kuandika katika daftari kwamba josho liko sawa.

Alikuwa na miaka ishirini na minane. Alizaliwa Matulo, akasoma kwa wamisheni mpaka akaweza kuandika barua bila kusaidiwa, kisha akachaguliwa kwenda shule ya mifugo ya serikali. Huko alifundishwa na mtu mmoja mkali aliyeitwa Kagwe. Siku ya mtihani wa mwisho Kagwe hakuuliza majina ya magonjwa peke yake. Aliwaita wanafunzi mmoja mmoja, akawaambia hivi: "Watu fulani walihamisha zizi lao kutoka bondeni wakalipeleka kilimani. Mwaka huo ndama wao hawakufa. Wanasema kilima ndicho kilichowaokoa. Nipe jambo moja ambalo, likiwa ni la kweli, litanifanya nisiamini upesi."

Wa kwanza alijibu kwamba watu hao ni waongo. Kagwe akamtoa nje. Wa pili akasema kilimani kuna baridi. Naye akatoka. Wekoye alisimama pale jasho likimtoka kwapani, akafikiri, mwisho akasema, "Kama kuna jirani ambaye hakuhama, na ndama wake wa bondeni pia hawakufa mwaka huo."

"Kwa hiyo kilima hakikusaidia?"

"Sijui, Mwalimu. Labda kilisaidia. Lakini sasa siwezi kusema kwa hakika."

Kagwe aliandika kitu kwenye karatasi. "Umejua tofauti ya kuvunja na kulegeza," alisema. "Wengi hawaijui mpaka wanazeeka. Nenda."

Maneno hayo yalimfurahisha Wekoye kwa siku chache, kisha akayasahau katika pilikapilika za kutafuta kazi. Akapata kwa Bwana Miwani. Akaoa Peris, binti wa jirani yao Matulo, akampeleka Kitale. Wakapata mtoto wa kike, Nanyama, na wa pili alikuwa njiani wakati shimo lile lilipochimbwa.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Kiptanui, skwota wa miaka mingi, Mnandi mrefu asiyependa maneno, alinunua mitamba watatu upande wa Kamukuywa na kuwaingiza shambani bila kibali. Nyapara mkuu, Ngari, aliwaona Jumatatu moja wakiwa na kundi la Kiptanui, akaenda moja kwa moja kumwambia bwana. Kabla shauri hilo halijakwisha, siku ya nane, ng'ombe mmoja wa maziwa aligoma kula. Masikio yakalala, tezi za shingoni zikavimba, pumzi zikawa za kukoroma. Siku ya kumi na tatu akafa. Wakafuata wengine wawili. Ilikuwa ndigana, ile homa inayoletwa na kupe wa masikio, na katika Kitale nzima hakukuwa na mtu asiyejua jina lake.

Bwana Miwani hakuhitaji hesabu ndefu. Aliwakusanya watu mbele ya ghala akasema kwa Kiswahili chake, "Ng'ombe yangu ilikuwa mzima. Ng'ombe ya Kiptanui naingia. Ng'ombe yangu nakufa. Sasa mnataka nini ingine?"

Hakuna aliyetaka kingine. Hata maskwota wenzake Kiptanui walianza kuchunga mbali naye. Wake zao wakaacha kumsalimu mkewe kisimani. Ilikuwa wazi kama mchana kwamba mitamba wale ndio walioleta kifo, na kila mmoja aliogopa kwamba baada ya ng'ombe wa Kiptanui zamu itakuwa ya ng'ombe wake.

Wekoye naye aliamini hivyo kwa siku mbili. Halafu, akiwa anafagia sakafu ya josho, hesabu ikamjia yenyewe. Kupe akinyonya ng'ombe mgonjwa hawezi kwenda kumwambukiza mwingine siku hiyohiyo. Kwanza huanguka majanini, hukaa wiki tatu hivi akijivua gamba na kukua, ndipo hupanda ng'ombe mwingine. Na ng'ombe huyo akishaumwa, hupita siku kumi au zaidi kabla homa haijamkamata. Jumla ni mwezi na zaidi. Ng'ombe wa bwana aliugua siku ya nane. Basi kupe aliyemuuma alikuwa shambani kabla mitamba hawajaonekana.

Aliacha ufagio akaketi kwenye ukuta wa saruji. Furaha ya kugundua ilidumu muda mfupi tu, kwa sababu swali lililofuata lilikuwa lake mwenyewe. Kama kupe alikuwa shambani, kwa nini josho halikumuua?

Jibu alilijua. Mwishoni mwa mwezi wa nne upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya paa la josho. Mvua ikawa inaingia moja kwa moja, maji yakapanda alama baada ya alama kwenye fimbo, na dawa ikazidi kuwa nyepesi. Alimwambia mpwa wa Bwana Miwani, kijana aliyesimamia shamba na kuitwa bwana mdogo, kwamba inatakiwa dawa mpya na paa. Bwana mdogo alisema mapipa yako njiani, paa litangoja mpaka mahindi yapaliliwe. "Andika ni sawa," alisema. "Usimsumbue mzee." Na Wekoye aliandika. Ijumaa tano mfululizo aliandika sawa, sawa, sawa, na chini yake akatia sahihi yake nzuri aliyofundishwa na wamisheni.

Alhamisi alasiri Peris alikuwa nyuma ya nyumba akichambua majani ya kunde. Wekoye alichuchumaa karibu naye akamweleza yote, kuanzia hesabu ya siku mpaka daftari. Peris hakuacha kuchambua.

"Hiyo ya siku unaweza kusema," alisema alipomaliza. "Hiyo haikugusi. Lakini ya dawa, Baba Nanyama, nani amekuuliza?"

"Hakuna."

"Basi usijibu kitu hujaulizwa. Hii nyumba si yetu. Mtoto anakuja mwezi wa nane. Tutamzalia wapi, barabarani?"

"Wataua ng'ombe arobaini na mbili za mtu."

"Na yule mtu alikuja lini kwako na maziwa? Mwaka jana alikutukana mbele ya watu, ati ulichelewesha ng'ombe zake josho makusudi." Akainua sinia, akaingia ndani.

Jua lilikuwa linaegemea Elgon wakati Kiptanui mwenyewe alipofika. Alisimama nje ya ua, fimbo begani, hakukubali kukaribia. Walisalimiana kwa ufupi kama watu wasiopendana.

"Wewe umesoma habari ya ng'ombe," Kiptanui alisema. "Kesho wakikuuliza, utasema nini?"

Wekoye alimweleza habari ya kupe na zile siku. Kiptanui alisikiliza kwa makini, akamwomba arudie. Halafu akatazama vidole vya miguu yake.

"Kwa hiyo kama mitamba iliingia ile Jumatatu, si wao?"

"Ni vigumu kuwa wao."

"Iliingia ile Jumatatu," Kiptanui alisema, akageuka akaenda zake.

Ijumaa ilipambazuka bila mvua. Kufikia saa tatu gari la serikali lilikuwa limesimama mbele ya ghala la mahindi. Walishuka Bwana Shauri, yaani afisa wa wilaya kutoka Kitale, kijana mwenye uso uliobabuka kwa jua, pamoja na daktari wa mifugo, mzungu mzee kidogo aliyechechemea, na askari wawili wenye bunduki. Meza iliwekwa kwenye kivuli cha ghala. Bwana Miwani akakaa upande mmoja, mpwa wake nyuma yake. Maskwota na wafanyakazi walijaa uwanjani, na ng'ombe wa Kiptanui walikuwa wamefungiwa katika zizi lililo hatua chache kutoka shimoni. Walikuwa wanalia, maana hawakuwa wamepelekwa malishoni tangu jana.

Ngari alitangulia. Alisema aliwaona mitamba Jumatatu ile kwa macho yake mawili, hawakuwa na kibali, na kabla yao hakukuwa na ng'ombe mgonjwa shambani. Bwana Shauri akamgeukia Kiptanui. "Uliingiza ng'ombe bila ruhusa?"

"Ndiyo."

"Jumatatu hiyo?"

"Ndiyo."

"Una la kusema?"

Kiptanui alitazama zizi. "Ng'ombe zangu si wagonjwa," alisema.

Bwana Shauri alianza kuandika. Wekoye alikuwa amesimama kati ya watu, akaona kalamu inatembea, akajua kwamba kikiandikwa kitu pale hakitafutika. Askari mmoja alikuwa ameshasogea upande wa zizi. Wekoye akajisikia ananyoosha mkono.

"Bwana, naomba kusema. Mimi ni mtu wa josho."

Bwana Miwani alikunja uso, lakini daktari wa mifugo akamwita kwa mkono. Wekoye akasogea mbele ya meza. Maneno yake ya kwanza hayakusikika, akalazimika kuanza upya. Alieleza safari ya kupe, kutoka kwenye ng'ombe mgonjwa mpaka majanini, kutoka majanini mpaka kwenye ng'ombe mzima. Akataja wiki tatu, akataja siku kumi. "Na ng'ombe ya bwana iliugua siku ya nane," alimaliza.

Bwana Shauri alimtazama daktari. Daktari alikuwa ameacha kuchezea kiberiti chake. "Ni kweli," alisema polepole. "Siku hazitoshi. Nilipaswa kuliona hilo mwenyewe."

Manung'uniko yakapita uwanjani. Lakini Bwana Miwani alisimama, na hakuwa mtu mjinga. Alizungumza Kiingereza kwa haraka, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Kama si ng'ombe ya Kiptanui, kupe nakuja wapi? Ng'ombe yangu naoga kila Ijumaa. Kila Ijumaa! Ng'ombe naoga hivyo hana kupe. Basi kupe natoka inje. Leta kitabu!"

Bwana mdogo alikuwa nacho tayari. Daftari la josho liliwekwa mezani, likafunguliwa, na Bwana Shauri akapitisha kidole chini ya mistari. Hoja ya Bwana Miwani ilikuwa imesimama tena kwa miguu yake yote miwili. Wekoye aliona hivyo kwa uwazi uleule wa siku ya mtihani wa Kagwe. Zile siku zake ziliitikisa tu. Kitu kilichokuwa kinaishikilia isianguke kilikuwa sahihi yake mwenyewe.

"Hii ni sahihi yako?" Bwana Shauri aliuliza.

"Yangu, bwana."

"Na hapa umeandika josho lilikuwa sawa. Na hapa. Na hapa. Ni kweli?"

Alikuwa ameulizwa. Nyuma ya bega la Bwana Miwani aliona macho ya bwana mdogo, hayapepesi. Kwenye ukingo wa umati alimwona Peris, Nanyama mgongoni, mkono mmoja umeshika tumbo. Hakumpa ishara yoyote. Alimtazama tu.

"Si kweli," Wekoye alisema.

Ng'ombe waliendelea kulia.

"Paa ilichukuliwa na upepo mwezi wa nne. Mvua ikaingia. Dawa iliisha nguvu na nyingine haikuletwa. Niliandika sawa na haikuwa sawa. Ijumaa tano, bwana."

"Mwongo huyo!" bwana mdogo alipaza sauti. "Anamtetea rafiki yake!"

"Kiptanui si rafiki yangu," Wekoye alisema. "Kila mtu hapa anajua."

Kwa mara ya kwanza mtu alicheka, kicheko kifupi kilichokatika kilipoanzia. Daktari wa mifugo alishika fimbo yake, akainuka, akasema waletewe ng'ombe wa bwana, yeyote, mmoja wa wale waliooga wiki iliyopita. Aliletwa ng'ombe mwekundu mnene, mwenye afya. Daktari alimshika sikio, akaligeuza ndani nje, akaliinamia. Kisha akamwita Bwana Miwani aje aone. Bwana Miwani alivua miwani, akaivaa, akatazama. Kupe walikuwa wamepangana ndani ya sikio kama punje za mtama, wazima, wanene.

Bwana Miwani alimgeukia mpwa wake. Masikio ya kijana yalibadilika rangi.

"Kwa hiyo," Bwana Shauri alimwambia Wekoye, "unasema ugonjwa umeletwa na josho bovu, si na mitamba?"

Wekoye alijua kwamba kama angesema ndiyo, maskwota wote wangefurahi, na Kiptanui angekuwa ameokoka kabisa.

"Hapana, bwana. Sijui nani ameleta. Pengine ni mitamba kwa njia nisiyojua. Nasema tu, hiyo sababu mliyo nayo haitoshi kuua ng'ombe arobaini na mbili za mtu."

Bwana Shauri alizungusha kalamu. Mwishowe walinong'onezana na daktari, na amri ikatolewa. Hakuna ng'ombe atakayepigwa risasi. Mifugo yote ya shamba, ya bwana na ya maskwota, itafungiwa mahali pake kwa muda, na maji ya josho yatapelekwa kupimwa. Kiptanui atajibu kosa la kibali peke yake. Daktari alijaza chupa mbili kwa maji ya josho kwa mkono wake mwenyewe, akazitia mfukoni, akapanda gari bila kumtazama Wekoye.

Kiptanui alifungua zizi, akawatoa ng'ombe wake wakanywe. Alipita karibu na Wekoye, akasimama kidogo kama mwenye neno, halafu akawafuata ng'ombe.

Saa nane mchana Wekoye aliitwa ofisini. Bwana Miwani alikuwa na kipande chake mezani, ile karatasi ambayo hakuna mwanamume aliyeweza kutembea wala kuajiriwa bila kuwa nayo. Aliandika juu yake kwamba mtu huyu anaandika uongo katika vitabu vya kazi. Wekoye alisoma maneno hayo na hakuweza kusema si ya kweli. Akapewa mpaka saa kumi awe ametoka shambani.

Walitembea siku mbili kushuka Bungoma, Peris akiwa na sufuria na nguo kichwani, yeye amembeba Nanyama na godoro la majani. Peris hakumlaumu njiani. Walipofika Kamukuywa, wamekaa kando ya barabara kupumzisha miguu, ndipo aliposema, "Alikuuliza."

"Ndiyo."

"Nilisikia. Nilikwambia usijibu kitu hujaulizwa. Sasa aliuliza." Akajifunga upya kitambaa cha kichwa, akainuka. Mtoto wa pili alizaliwa Matulo, mwezi wa nane, nyumbani kwa baba yake Wekoye, mvulana mzima.

Habari za Kitale zilimfikia kwa vipande. Maji yale yalipopimwa yalikutwa na dawa chini ya nusu. Ng'ombe wa bwana kumi na mmoja walikufa kabla ugonjwa haujatulia, na walizikwa katika shimo lile lile. Kwa Kiptanui walikufa watano, mmoja wao mtamba kati ya wale watatu. Watu walijiuliza mtamba huyo aliuleta ugonjwa au aliukuta shambani, na hakuna aliyeweza kujibu. Mpwa wa bwana alirudishwa kwao Ulaya. Paa jipya likawekwa na Rajinder, fundi Singasinga wa mjini Kitale.

Kwa Wekoye miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Kila alipoomba kazi ya mifugo, kipande kilisomwa, akarudishiwa. Alishona magunia ya mahindi kwa Natwarlal, mwenye duka karibu na stesheni ya Bungoma, miaka saba mfululizo, mpaka vidole vikawa vigumu kama pembe. Natwarlal hakujali kilichoandikwa. Alimwambia siku ya kwanza, "Mimi hapana soma kipande, mimi naangalia gunia." Mwaka 1944 majosho ya wananchi yalipoanza kujengwa, wakatafutwa watu wanaojua kazi, na wachache sana walipatikana. Wekoye akapewa josho la karibu na Kamukuywa. Hapo alikaa.

Walikutana tena na Kiptanui mwaka 1952, siku ya soko. Maskwota wengi walikuwa wamepunguziwa mifugo na kufukuzwa mashambani Kitale, naye alikuwa amehamia kwa shemeji yake, nywele zimekuwa nyeupe. Aliuliza watu mpaka akaelekezwa josho. Wekoye alimpeleka kwenye hoteli ndogo ya chai, wakaketi kwenye benchi la ukutani. Waliulizana habari za watoto. Kisha Kiptanui akakiweka kikombe chini.

"Kuna kitu sikukuambia. Nimekibeba miaka kumi na sita."

"Sema, mzee."

"Ile mitamba haikuingia ile Jumatatu. Hiyo ndiyo siku Ngari aliwaona. Waliingia mwezi moja na nusu kabla. Niliwaficha kule mpakani, karibu na msitu, nikiwachunga kwa majani ya bwana asubuhi na mapema. Uliponieleza zile siku zako pale nyumbani kwako, nilijua. Kama ningesema ukweli, ng'ombe zangu zote zingekufa."

Wekoye aliiona tena ile meza, kalamu, daktari akisema siku hazitoshi. Alikuwa amesimama mbele ya watu wote akashindilia hesabu juu ya uongo, na hesabu yenyewe haikuwa na kosa hata moja.

"Mwezi mmoja na nusu," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Siku zinatosha."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Nilishona magunia miaka saba, Kiptanui."

"Nilisikia."

Watu waliingia na kutoka, mwenye hoteli akamimina chai nyingine bila kuombwa. Wekoye alitaka kuinuka aondoke, lakini akili yake, ambayo haikuwahi kujua kunyamaza, ilikuwa imeshaanza kuchambua upya. Kama mitamba waliingia mapema, huenda ndio walioleta. Lakini sikio la yule ng'ombe mwekundu lilijaa kupe, na hilo halikutegemea siku ya mtu yeyote. Josho likiwa na nguvu, hata kama mitamba wangekuwa wagonjwa, wale kupe wasingeishi kufikia ng'ombe wa pili. Tena kundi la Kiptanui ndilo lililochanganyika na mitamba, likafiwa na watano kati ya arobaini na mbili, karibu sawa na kumi na mmoja wa bwana kati ya mia moja na ishirini. Kila alipoegemea upande mmoja, upande wa pili ulikuwa na neno.

"Wewe waonaje?" Kiptanui aliuliza. "Mimi ndiye niliyewaua wale ng'ombe?"

"Sijui," Wekoye alisema. "Wewe na mimi na yule bwana mdogo. Sijui nani zaidi."

Kiptanui alitikisa kichwa polepole, akamaliza chai yake. Hakuomba msamaha kwa maneno, na Wekoye hakumpa. Waliagana barabarani kwa kushikana mikono, mkono wa Kiptanui ukakawia kuachia.

Jioni ile Wekoye alimsimulia Peris. Alitarajia akasirike, lakini Peris alikuwa anapuliza moto uliokataa kushika, akaendelea kupuliza mpaka ukawaka. Akafuta macho kwa sababu ya moshi.

"Amekuja kwa miguu kutoka kwa shemeji yake?"

"Kwa miguu."

"Na umri ule." Akaweka sufuria juu ya mafiga. "Ungemleta ale."